Mtafutaji Huchoka



Katika madaftari ya methali ya wanafunzi wa Kiswahili hapa Bujumbura, chini ya herufi M, hukosi kuikuta hii: Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mwanafunzi huifafanua kwa sentensi mbili, huleta mfano wa mvuvi wa Ziwa Tanganyika aliyerudi mikono mitupu usiku wa kwanza na wa pili, akajaza mtumbwi usiku wa tatu, kisha hupewa alama zake. Ni methali nzuri kwa mtihani. Ina mizani yake, na hukumbukwa kwa urahisi. Leo nakusudia kuipinga, kwa sababu imetoka darasani ikaingia barabarani, na huko inatumiwa kuwapiga watu waliokwisha kuanguka.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo kazi yetu. Kitenzi hachoki ni kanusho la huchoka: kinadai kwamba jambo hilo halina kawaida ya kutokea. Keshapata ni ufupisho wa amekwisha pata. Ukiziweka pamoja pande mbili za methali, unapata dai hili: mtafutaji hana uchovu, na siku utakapomwona amechoka, jua kwamba alichokitafuta kimo mkononi. Uchovu wa mtu asiyepata hautajwi popote. Basi tumweke wapi yule aliyetafuta miaka miwili, akachoka, na hana kitu? Methali haina pa kumweka, isipokuwa kumvua jina: huyu hakuwa mtafutaji wa kweli. Tazama jinsi ilivyojikinga. Kila anayeshindwa hufutwa katika orodha ya mashahidi, na wanaobaki kutoa ushahidi ni wale tu waliopata. Ndiyo maana ni nadra kuisikia methali hii kinywani mwa mtu asiye na kazi. Utaisikia kwa mjomba mwenye mshahara, kwa mgeni rasmi katika sherehe ya kutoa shahada, na kwa mkuu wa idara ambaye bahasha arobaini za maombi zimelala mezani pake bila ya kufunguliwa.

Sisemi kwamba bidii haina maana. Mwaka 2001 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Ruth Kanfer, Connie Wanberg na Tracy Kantrowitz, walizikusanya tafiti nyingi zilizotangulia juu ya utafutaji wa kazi, wakaona kwamba wanaotafuta kwa juhudi zaidi hupata kazi zaidi. Nalikubali hilo bila ya kinyongo. Swali langu ni jingine. Bidii hiyo hutoka wapi, na ni nani anayeimaliza?

Mfuate mtafutaji mmoja tangu siku ya kwanza. Ni binti wa kufikirika, ingawa kila nitakalolisema juu yake nimeliona kwa vijana niliowafundisha. Anaishi Kinama. Amemaliza chuo kikuu, na shahada yake bado ina harufu ya karatasi mpya. Mwezi wa kwanza huamka kabla ya jua. Huyasoma matangazo ya kazi hadi mstari wa mwisho, huchagua, hupima sifa zinazotakiwa na zile alizo nazo. Kila barua anaiandika upya. Huniletea nimsahihishie, na nikimrudishia hubadilisha hata yale ambayo sikuyagusa. Shati la usaili limenyooshwa kwa pasi ya makaa na limetundikwa ukutani, linasubiri. Akipita katikati ya mji huyatazama majengo ya ofisi kama mtu anayechagua nyumba.

Mwezi wa tatu barua imekuwa moja. Hubadilisha jina la shirika na tarehe, na mara nyingine husahau kubadilisha jina. Wewe mwalimu ukiiona barua ya namna hiyo utasema huu ni uzembe. Lakini ihesabu: hiyo ni barua ya ishirini, na zile kumi na tisa zilizoandikwa kwa uangalifu zilikwenda zisikorudi. Amejifunza, kama ambavyo kiumbe chochote chenye akili hujifunza, kwamba uangalifu haubadilishi matokeo. Mwezi wa sita hatafuti tena matangazo. Huomba tu pale rafiki anapomtumia tangazo kwenye simu na kumsisitiza. Mwezi wa tisa hata hayo huyafungua jioni, muda wa kupeleka maombi ukiwa umekwisha pita, na nadhani hufanya hivyo kwa makusudi asiyoyajua mwenyewe. Tangazo lililopitwa na wakati haliwezi kumkataa.

Kuna jambo jingine ambalo ninyi mnaojifunza Kiswahili ni budi mlifahamu, maana kitabu hakitawaambia. Tunasalimiana: Habari za kazi? Ni salamu ya kawaida, na jibu lake ni nzuri. Kwa binti huyu salamu hiyo imekuwa mwiba. Akijibu nzuri amesema uongo, na akijibu kweli atalazimika kusimama njiani na kueleza maisha yake. Kwa hiyo hupita njia ya nyuma. Huacha kwenda harusini, ambako salamu hizo ni nyingi na michango hudaiwa. Naye akiacha kwenda kwenye watu, ameacha pia kwenda mahali ambapo habari za kazi, kwa maana ya pili, husikika kwanza.

Sasa mpita njia hufika mwezi wa tisa. Hakuwapo mwezi wa kwanza. Hakuyaona mashati wala barua. Humkuta binti ameketi kibarazani saa nne ya asubuhi, naye hutamka: vijana wa siku hizi wavivu. Halafu humalizia na methali yetu.

Usidhani kwamba haya ni ya Kinama tu, au ya nchi maskini tu. Mwaka 2009 na 2010, wanauchumi Alan Krueger na Andreas Mueller waliwafuatilia watu wapatao 6,000 wasio na kazi katika jimbo la New Jersey, Marekani. Waliwauliza kila wiki, hadi wiki 24, walitumia muda gani kutafuta kazi. Watu hao walikuwa wakipokea fidia ya serikali, na barabara zao ni za lami. Hata hivyo, kadiri wiki zilivyopita, saa za kutafuta zilipungua. Tena walisema kwamba wakati wa kutafuta kazi ndio waliohisi huzuni zaidi kuliko wakati mwingine wa siku. Lisome hilo mara mbili: tendo lenyewe la kutafuta ndilo lililowahuzunisha. Ni nani ajikumbushaye huzuni kila asubuhi kwa hiari yake, akaiongeza kipimo kila wiki?

Na kabla ya hao kulikuwa na Marienthal, kijiji cha Austria kusini mwa Vienna, ambacho karibu kila nyumba iliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa kati ya mwaka 1929 na 1930. Watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel waliwachunguza wanakijiji, na kitabu chao kilitoka mwaka 1933. Mtu angetarajia kwamba wasio na kazi, wakiwa na siku nzima mikononi, wangesoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua kwa karibu nusu. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimamasimama, na wengi hawakuvaa tena saa. Bujumbura nasi tuna kumbukumbu ya kiwanda cha nguo: COTEBU, pale Ngagara, kilichosimamisha kazi miaka ya 2000 kabla ya wengine kuja kukifufua kwa jina jingine. Wapo wazee wanaoweza kukusimulia Marienthal yao bila ya kuwahi kulisikia jina hilo.

Basi uchovu upo, na umepimwa. Nirudi kwa swali langu: ni nani anayeimaliza bidii?

Ngoja kwanza nikuonyeshe mtego uliomo katika msamiati wetu. Barua inayofuatana na maombi ya kazi, wenzetu wanaotumia Kifaransa, na hapa Burundi ndiyo lugha ya ofisi nyingi, huiita lettre de motivation, yaani barua ya motisha. Mwombaji hutakiwa aoneshe motisha aliyonayo. Lakini sikiliza Kiswahili kinavyolitumia neno hilohilo. Bidii hufanywa: tunasema fanya bidii. Ari huwa ndani ya mtu. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya aibu, kana kwamba mtu hujikaza ili asifedheheke. Motisha ni kitu kingine. Tunasema: mwajiri amewapa wafanyakazi motisha, serikali itoe motisha kwa walimu. Motisha hutolewa na hupokelewa. Ina mtoaji. Kwa Kiswahili sanifu, mtu hawezi kujitolea motisha mwenyewe kwa miaka miwili mfululizo, kama vile asivyoweza kujipa mkono wa pongezi. Lugha yetu ililijua hilo kabla ya wanauchumi. Ofisi inayodai barua ya motisha na isijibu inadai kutoka kwa maskini kitu ambacho yenyewe ndiyo ilipaswa kukitoa.

Na tazama kitenzi kukosa. Tunasema amekosa kazi, kwa maana ya kutopata. Tunasema pia amekosa, kwa maana ya kutenda kosa. Neno ni moja. Sidhani kwamba wazee walilikusudia hilo liwe hukumu, lakini masikioni mwa asiye na kazi maana hizo mbili hukutana kila siku. Kinachochekesha, kama kuna la kuchekesha, ni kwamba mwombaji wa kazi katika mji huu mara nyingi hutakiwa kuleta hati inayothibitisha kwamba hajawahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Huilipia. Hulipia karatasi ya kusema hana kosa, ili aombe kile ambacho watu wanasema amekikosa.

Hapo tumefika kwenye gharama. Soma tangazo lolote la kazi la Bujumbura: maelezo ya maisha, barua, nakala za shahada zilizothibitishwa, kitambulisho, cheti cha mwenendo mwema, hati hiyo ya mahakama. Kila karatasi ina foleni yake na ada yake, na baadhi huhesabiwa kuukuu baada ya miezi michache, kwa hiyo hurudiwa. Haya yote hutakiwa kwa kila mwombaji, hata yule ambaye bahasha yake haitafunguliwa. Ongeza safari. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta, basi la kutoka Kinama au Kanyosha hadi katikati ya mji limekuwa jambo la kusubiriwa kwa saa nyingi, na Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji. Wengi hutembea. Waliotunga methali Mchumia juani hulia kivulini walimfikiria mtu ambaye jua humlipa. Wafaransa, kwa upande wao, neno lao la kukosa kazi, chômer, lina asili ya Kilatini cha zamani lenye maana ya kupumzika wakati wa joto kali. Ndilo Kirundi kililolichukua likawa ubushomeri. Kupumzika kwa joto! Mwenye neno hilo na apande na kushuka barabara za Rohero saa saba za mchana na bahasha ya kaki kichwani.

Kwamba gharama hupunguza bidii, hili nalo si maneno yangu ya barazani. Katika mji wa Addis Ababa, ambako matangazo ya kazi hubandikwa kwenye mbao katikati ya mji, mwanauchumi Simon Franklin aliwachagua kwa kura baadhi ya vijana wasio na kazi wanaoishi mbali, wakapewa nauli ya kufika mjini. Matokeo aliyachapisha mwaka 2018. Katika wiki zile nauli ilipokuwapo, vijana walitafuta kazi zaidi, wakapunguza vibarua vya kubahatisha, na uwezekano wao wa kupata kazi ya kudumu uliongezeka. Hakuna aliyewahubiria. Hakuna mgeni rasmi aliyewaambia mtafutaji hachoki. Walipewa nauli ya basi, na uvivu ule ukapungua. Uvivu wa aina gani huo unaotibika kwa tiketi?

Lakini gharama, pamoja na ukali wake, naiweka ya pili. Ya kwanza ni ukimya.

Wanafunzi wangu wa kidato cha juu huwa nawapa sentensi hii waichambue, sentensi ambayo hufunga karibu kila tangazo la kazi hapa kwetu: Watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Tazama ilivyojengwa. Vitenzi vyote viwili ni vya kutendwa. Nani atachagua? Hatajwi. Nani atajulisha? Hatajwi. Kuna neno tu, ambalo hubeba watu wote waliobaki bila ya kuwataja. Siku ipi ukimya utageuka kuwa jibu? Haisemwi. Mwombaji hubaki na swali lisilofungwa, na kila simu isiyojulikana ikilia moyo wake huruka, hata miezi minne baadaye, kumbe ni mtu amekosea namba. Sentensi hii imeandikwa kwa adabu, na ndiyo maana hatuuoni ukatili wake.

Ukimya huo hufanya nini? Uganda ilitupatia jibu ambalo, kusema kweli, lilinishtua nilipolisoma. Oriana Bandiera na wenzake waliwafuatilia vijana wa Uganda kwa miaka sita. Baadhi yao walipewa mafunzo ya ufundi. Baadhi walipewa mafunzo, kisha wakaunganishwa na waajiri: majina yao yalipelekwa kwa wenye karakana na maduka, nao wakasubiri kuitwa. Sisi sote tungedhani kwamba kundi la pili ndilo lililobahatika. Walioitwa walikuwa wachache. Wengi walisubiri, simu haikulia, wakaamua moyoni mwao kwamba thamani yao ni ndogo kuliko walivyodhani. Wakashusha matarajio. Wakatafuta kwa juhudi ndogo, tena katika karakana duni zaidi. Wenzao waliopata mafunzo peke yake, wasioahidiwa mwajiri yeyote, waliendelea kuwa na matumaini na kutafuta kwa nguvu, na miaka iliyofuata iliwaendea vizuri zaidi.

Ufundi ulikuwa uleule. Kilichowatenganisha ni kungoja mlango ambao haukufunguliwa. Ukimya wa mwajiri mmoja ulifuatana nao hadi kwa waajiri wengine ambao hawakuwa wamewanyamazia. Ndiyo maana nasema kwamba asiyejibu barua hafanyi tu utovu wa adabu kwa mtu mmoja. Anaichota bidii kutoka katika kisima ambacho si chake, kisima ambacho mwajiri wa kesho, hata serikali ya kesho, itahitaji kunywa.

Najua nitajibiwa. Mwenye ofisi atasema: maombi ni mia tatu, nina katibu mmoja, nitawezaje kuwajibu wote? Zamani jibu hilo lilikuwa na uzito. Lakini ofisi hiyohiyo hutuma kadi za harusi na mialiko ya mikutano kwa simu, kwa watu mia tatu, kwa dakika kumi. Na kama hata hilo ni zito, ibandike karatasi moja langoni, pale lilipobandikwa tangazo: nafasi imepata mtu, tunawashukuru. Shule zetu hubandika matokeo ya mamia ya watoto kwa njia hiyo kila mwaka, na hakuna anayezisifu kwa ukarimu. Vivyo hivyo hati za kuthibitishwa zingeweza kudaiwa kwa wale watano walioitwa kwenye usaili, na wale mia mbili tisini na watano wakahifadhi pesa zao za wiki. Haya hayahitaji bajeti. Yanahitaji mtu aliyeketi nyuma ya meza akumbuke kwamba upande wa pili wa bahasha kuna mtu.

Mwingine atasema: waache kungoja ofisi, wajiajiri. Nusu ya maneno hayo ni ya kweli. Sehemu kubwa kabisa ya Warundi huishi kwa kilimo, na mtaa wa Buyenzi umewalea mafundi wa magari ambao hawajawahi kuandika barua ya motisha wala kuihitaji. Ninawaheshimu, na mimi nisingependa kijana adharau spana. Lakini anayesema wajiajiri huwa amesahau kwamba kujiajiri nako ni kutafuta: kutafuta mtaji, mteja, mahali pa kuweka meza, kibali. Ni milango mingine yenye ukimya wake. Kijana aliyekwisha kunyamaziwa mara arobaini haendi kugonga mlango wa benki akiwa mzima. Wale wa Uganda wametuonyesha hivyo.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kiraia, kwa hiyo naomba uvumilivu wako kidogo. Je, unajua ni nani anayehesabiwa kuwa hana kazi? Wanatakwimu wa kazi walipokutana Geneva mwaka 1982 chini ya Shirika la Kazi Duniani, waliafikiana juu ya masharti matatu: mtu awe hana kazi, awe tayari kufanya kazi, na awe ametafuta kazi katika siku za karibuni. Litazame sharti la tatu. Binti wetu wa Kinama katika mwezi wa pili ni mtu asiye na kazi, na yumo katika takwimu. Katika mwezi wa kumi, akiisha kukata tamaa, hana kazi vilevile, lakini hatafuti. Basi hayumo tena. Kadiri watu wanavyochoka, ndivyo kiwango cha ukosefu wa ajira kinavyoweza kushuka. Nchi inaweza kuonekana inapona kwa sababu wagonjwa wameacha kwenda hospitali. Wanatakwimu wenyewe waliliona pengo hilo, na mwaka 2013, walipokutana tena Geneva, waliweka kipimo cha kuwahesabu pembeni wale walio tayari kufanya kazi ingawa hawatafuti. Kipimo kipo. Kwa hiyo unapomsikia mtu yeyote, wa nchi yoyote, akisoma redioni kiwango cha wasio na kazi, muulize swali moja: na waliochoka mmewaandika wapi?

Angalia, basi, jinsi methali na takwimu zilivyokubaliana bila ya kukutana. Methali inasema aliyechoka bila ya kupata hakuwa mtafutaji. Takwimu inasema asiyetafuta hakosi kazi. Zote mbili zimemfuta mtu yuleyule.

Katika mtihani wako endelea kuifafanua methali kama ilivyo, maana msahihishaji hanisomi mimi. Lakini nje ya chumba cha mtihani, ukimkuta mtu ameketi kibarazani saa nne ya asubuhi, usimsalimu kwa habari za kazi. Kiswahili kina salamu nyingi. Habari za asubuhi inatosha.

Zoezi la juma hili: Wewe ni katibu wa ofisi moja ya hapa Bujumbura. Barua za maombi zilizofika ni sitini, nafasi ni moja, na imekwisha kupata mtu. Andika jibu litakalotumwa kwa waombaji hamsini na tisa waliobaki. Lisizidi sentensi tatu. Litaje jina la mwombaji, nafasi aliyoiomba na tarehe barua yake ilipopokelewa. Vitenzi viwe vya kutenda, na mtendaji atajwe. Usitumie methali yoyote.